Kamba ya makonge ndani ya mchoro: Kuna kemia ambayo nyanya yako aliijua kitambo

UKISAFIRI kwa barabara kuu ya Mombasa, ukishaipita Makindu na kukaribia Kibwezi, kuna mahali ambapo dirisha la basi hujaa makonge. Mistari imenyooka, majani kama mapanga, hadi macho yachoke. Wengi wetu hapo huwa tuko kwa simu. Makonge ni nini, kwani? Ni kamba ya mbuzi, ni ua wa shamba, ni kiondo cha nyanya. Mambo ya ushago.

Basi tega sikio. Mwaka wa 2022, Kenya iliposhiriki maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, ambako mataifa hupeleka wasanii wao jinsi yanavyopeleka wanariadha kwenye Olimpiki, tulipeleka wasanii wanne: Syowia Kyambi, Wanja Kimani, Dickens Otieno na Kaloki Nyamai. Huyu wa mwisho alizaliwa Kitui mwaka wa 1985. Na kati ya vitu anavyotumia kutengeneza picha zake ni ile ile kamba ya makonge.

Kama hukumbuki, ushiriki wetu Venice uliwahi kuwa aibu. Mwaka wa 2015 orodha ya walioitwa wasanii wa Kenya ilijaa majina ya Wachina. Wasanii wa hapa wakapiga kelele, serikali ikajitenga na mradi wenyewe. Kwa hivyo kuona kazi ya mtu wa Ukambani ikiwa pale miaka saba baadaye, tena ikiwa na kamba ndani yake, si jambo dogo.

Nyamai alisomea Buruburu Institute of Fine Arts, Nairobi, na huko Nairobi ndiko anakofanyia kazi. Mama yake alimwingiza kwenye kuchora, na nyanya yake alimsimulia historia ya Wakamba. Kazi zake nyingi zina majina ya Kikamba. Lakini hayo ni ya wasifu, utayapata popote. Mimi nataka usogee karibu na picha yenyewe, karibu hadi mlinzi wa galari akuangalie vibaya.

Kwa mbali unaona watu: wamesimama, wamelala, wamekumbatiana, wengine wanafifia kama kumbukumbu. Ukikaribia, watu wanapotea na unaanza kuona vifaa. Kanvasi imekatwa ikashonwa tena, mishono ikaachwa wazi kama kovu. Juu ya mishono kuna rangi ya akriliki, tabaka juu ya tabaka. Chini ya rangi kuna picha zilizotoka magazetini, zimehamishiwa kwenye kitambaa. Na kuna nyuzi na kamba zinazoingia na kutoka. Baadhi ya kazi ni kubwa kuliko ukuta wa bedsitter yako, na huning'inizwa bila fremu, kama nguo kwenye kamba.

Watu wa galari wakiandika kuhusu kazi kama hii hupenda maneno makubwa: kumbukumbu, utambulisho, majeraha ya historia. Sawa, yamo. Ila mimi naona swali jingine ambalo halipewi nafasi ya kutosha. Pamba, makonge, plastiki na wino wa gazeti ni vitu vinne vyenye tabia nne tofauti. Kimoja hunywa maji, kingine huyakataa. Kimoja hugeuka manjano juani, kingine hulainika kwa joto. Ukivishona pamoja umeanzisha ndoa ya mitala, na kazi yako ni kuhakikisha haivunjiki baada ya miaka mitano ukutani kwa mtu aliyeilipia doh nzito.

Hiyo ni sayansi. Na nusu yake iko Ukambani tayari.

Nyanya walifanya majaribio

Tuanze na jambo litakalokushangaza: makonge si ya asili hapa. Nyumbani kwake ni Mexico. Mwaka wa 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ije Tanga. Safari ilikuwa ndefu na miche mingi ikafa. Iliyofika ikiwa hai ni 62. Hiyo 62 ndiyo iliyoanzisha mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na miaka ya mwanzo ya karne ya 20 zao hilo likaingia Kenya pia.

Kabla ya hapo kyondo, kama Wakamba wanavyokiita kiondo, kilisukwa kwa nyuzi za gome la mbuyu na miti mingine ya nyika. Mbuyu una sifa ya ajabu: ukichunwa gome vizuri, hulirudisha. Ndiyo maana kule Kibwezi na kusini mwa Kitui utaona mibuyu mizee yenye mistari ya makovu kiunoni. Hayo ni makovu ya kazi, vizazi kwa vizazi.

Kisha likaja jani geni. Wanawake wa Ukambani hawakuambiwa na mtu wa maabara kwamba linafaa. Walilikwangua, wakalisokota, wakalibebea mahindi na maharagwe, wakaangalia linadumu misimu mingapi. Wakalinganisha na la zamani. Lilipofaulu, wakalikubali, na leo wewe na mimi tunakiita kiondo cha makonge "cha kienyeji" kana kwamba kilishuka na Mulungu. Kile tunachokiita utamaduni, hapa, kilikuwa jaribio lililofaulu.

Angalia hatua zenyewe jinsi zilivyo na akili. Jani la mkonge lina nyuzi kama 1,000, lakini kwa uzito nyuzi hizo ni kama asilimia 4 tu ya jani. Iliyobaki ni maji na nyama ya jani. Nyama hiyo ina fuwele ndogo sana za kalsiamu oksaleti, kali kama sindano, pamoja na saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni. Ndiyo maana ukikwangua makonge bila kuzoea, mikono huwasha hadi ujute. Tena utomvu wake una asidi. Ukiuacha kwenye nyuzi, nyuzi hubadilika rangi na kudhoofika.

Sasa mwulize mama yeyote anayesuka, Kathonzweni au Mutomo: ukishakwangua unafanya nini? Atakwambia unaosha mara moja, kisha unaanika juani hadi ziwe nyeupe. Hakuna aliyemtajia asidi. Ila anajua ukilala bila kuosha, kesho nyuzi zina madoa. Maarifa ni yale yale, yeye ameyapata kwa mkono na mwanakemia kwa chupa.

Halafu kuna kusokota. Umeona wanavyofanya: mafungu mawili ya nyuzi juu ya paja, kiganja kinasukuma mbele, kila fungu linajisokota upande mmoja; kisha kiganja kinarudi, na mafungu mawili yanaviringana kwa upande wa kinyume. Sekunde mbili. Ujanja wake ni huu: kila fungu linataka kujisokotoa, lakini likijaribu kufunguka linazidi kulikaza lile jingine. Nguvu mbili zinazopingana zimefungiana. Kwa hivyo kamba haihitaji gundi wala fundo ili isifumuke. Wahandisi hutengeneza kamba za chuma za lifti kwa kutumia wazo hilo hilo.

(Ndiyo, najua, kamba ya Ukambani. Mzaha huo tumeushausikia wote.)

Kamba ikikutana na rangi

Tuseme sasa wewe ni mchoraji. Una kanvasi ya pamba, una kamba ya makonge ya kununua Wote sokoni, una akriliki. Unashona, unapaka, unatundika. Poa kabisa. Subiri mvua.

Makonge, kwa sehemu kubwa, ni selulosi, kitu kile kile kinachounda pamba na karatasi, na selulosi hupenda maji. Hewa ikiwa na unyevu, kila unyuzi hunenepa. Unyuzi ukinenepa ndani ya kamba iliyosokotwa, kamba hulazimika kufupika. Mchungaji wa mbuzi anajua hili bila darasa: kamba iliyofungwa vizuri jana, leo baada ya mvua imekaza na fundo halifunguki. Kamba ya kuanikia nguo nayo hulegea jua likiwaka na kukaza mvua ikinyesha.

Weka kamba hiyo ndani ya mchoro. Novemba inavuta, Februari inaachia. Kanvasi iliyopigwa misumari kwenye fremu haina pa kukimbilia, kwa hivyo inajikunja kando ya mshono, na rangi iliyo juu yake inapata ufa. Picha inayoning'inia huru, kama zile za Nyamai, ina nafasi ya kupumua: inajikunja kidogo, inarudi. Wengine wataona kuning'iniza huko ni mtindo tu. Mimi naona pia kitambaa kilichoachwa kifanye kile ambacho vifaa vyake vinataka kufanya.

Kuna njia rahisi ya kupunguza shida hiyo. Lowesha kamba, ivute, iache ikauke kabisa kabla ya kuishona. Fundi cherehani mzuri hufanya hivyo kwa kitambaa cha pamba kabla ya kukata suruali, ili isije ikakupanda hadi kwenye vifundo vya miguu baada ya kufuliwa.

Halafu akriliki yenyewe. Watu huiita rangi ya maji, lakini ni plastiki. Ni chembe ndogo za polima zinazoelea majini pamoja na unga wa rangi. Maji yakitoka, chembe hukaribiana, hushikana, na kuwa ngozi moja. Ngozi hiyo haifiki ugumu wa jiwe. Joto likipanda hulainika, hunata kidogo. Fikiria Mutomo mchana wa Oktoba, vumbi jekundu linapepea. Mchoro uliouacha nje ukauke "vizuri" utakusanya vumbi hilo na vumbi litazama ndani ya rangi. Kulitoa baadaye bila kuondoka na rangi ni kazi ya wataalamu. Kwa hivyo ukiwa Kitui, paka asubuhi, kausha ndani. Na usiwahi kukunja michoro miwili ya akriliki uso kwa uso ukaipakia kwenye basi ya kwenda Nairobi. Ukifika utakuwa na mchoro mmoja. Weka karatasi ya kuokea keki katikati; haishiki.

Rangi hii ya akriliki ya wasanii iliingia madukani Marekani miaka ya 1950. Makonge yalikuwa yameshafika Tanga nusu karne na zaidi kabla. Kwa hivyo katika mchoro wenye vyote viwili, kile ambacho bado hakijapimwa kwa miaka mingi ni plastiki ya kutoka ng'ambo. Nashangaa mtu anapoiangalia kazi ya namna hii na kuuliza "lakini hii kamba itadumu?" bila kuuliza swali hilo hilo kuhusu rangi.

Mbona asibandike gazeti tu?

Hili ndilo swali la wanafunzi wengi wa sanaa. Una gazeti la zamani lenye picha ya uchaguzi au maandamano, una gundi, una kanvasi. Bandika, paka juu, maliza.

Chukua gazeti ulilofungia nyama wiki iliyopita, uliache juu ya meza karibu na dirisha. Baada ya wiki chache lile nyeupe limekuwa manjano, baadaye hudhurungi, kisha linakatika ukiligusa. Karatasi ya gazeti ni mbao iliyosagwa pamoja na kila kitu chake, ikiwemo lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia mti usimame. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka rangi na kuzaa asidi, na asidi hukata nyuzi za selulosi. Gazeti lilitengenezwa liishi siku moja. Ukilibandika kwenye kazi unayotaka iishi miaka hamsini, umebandika bomu linalolipuka polepole.

Njia ya kuhamisha picha inaruka mtego huo. Unachapisha picha kwa printa ya leza, ile inayotumia wino wa unga. Unapaka akriliki isiyo na rangi juu ya uso wa picha, unaibandika kifudifudi kwenye kanvasi, unaacha ikauke usiku kucha. Kesho yake unalowesha mgongo wa karatasi na kuusugua kwa kidole hadi karatasi yote itoke kama uji mkavu. Karatasi imeenda na lignini yake. Kilichobaki ni wino wenyewe, na weusi wa wino huo hutokana na kaboni, masizi, kitu ambacho hakipauki. Wino umenaswa ndani ya plastiki kama mdudu ndani ya utomvu. Printa ya wino wa maji haifai kwa hili. Ukilowesha tu, picha inatiririka.

Utaona pia kwamba picha iliyohamishwa haitoki kamili. Kidole kikizidisha nguvu, uso unachanika, sikio linapotea. Mtu anafifia. Na kama picha yako inahusu kumbukumbu zinazokatikakatika, basi mbinu na maana vimekutana bila wewe kuandika hata neno moja la kueleza.

Weusi unaokula kitambaa

Jambo moja ambalo wasukaji wanaotumia rangi za miti wanapaswa kuambiwa waziwazi ni kuhusu nyeusi.

Magome ya miti mingi ya nyika yamejaa tanini, kile kitu kinachokausha mdomo ukitafuna gome au ukinywa chai kali. Ichemshe, utumbukize nyuzi, unapata hudhurungi. Ongeza chuma, iwe ni tope lenye chuma au misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki, na hudhurungi inageuka nyeusi mbele ya macho yako. Inapendeza kama uchawi. Tanini na chuma vimeungana. Wino wa kuandikia uliotumiwa Ulaya kwa mamia ya miaka ulitengenezwa kwa kanuni hiyo, na wanawake wa Mali wanaotengeneza bogolan huitumia kwa tope la mto.

Tatizo ni kwamba chuma kikizidi, hakitulii. Huendelea kuchochea hewa iile selulosi. Wamaori wa New Zealand wana joho zinazofumwa kwa nyuzi za majani ya harakeke, nyuzi zinazotoka kwenye jani kama makonge yetu, na nyuzi nyeusi hupakwa tanini kisha tope la chuma. Katika majumba ya makumbusho, sehemu za joho hizo zilizo nyeusi ndizo hutangulia kuvunjika na kuwa unga, huku sehemu zisizopakwa zikiwa bado nzima. Wahifadhi wamehangaika nalo kwa miaka.

Kwa hivyo ukitaka mstari mweusi kwenye kazi yako, una chaguo: tumia masizi au makaa yaliyosagwa, ambayo ni kaboni na hayamli mtu. Au tumia chuma kidogo, kisha osha, osha tena. Jirani yako mchomaji makaa anaweza kuwa muuzaji wako wa rangi bora kuliko duka la mjini.

Mwenzake wa Nyamai, Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1984, alichukua njia inayofanana kwa kitambaa kingine. Yeye hupaka rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mtuba kutoka Uganda, ambacho ufundi wa kukitengeneza ulitambuliwa na UNESCO mwaka wa 2005 kama turathi isiyoshikika ya binadamu. Lubugo ina matundu na mishono, na yeye huyaacha yaonekane ndani ya picha. Lakini mafuta ya kitani yanayobeba rangi ya mafuta, yanapokauka, huzaa asidi, na asidi hudhoofisha selulosi ya kitambaa chochote, kiwe gome, pamba au makonge. Ndiyo maana wachoraji wa Ulaya walipaka gundi ya ngozi kwenye kanvasi kabla ya rangi: kuweka ukuta kati ya mafuta na kitambaa. Ukipata rangi za mafuta za bei nafuu na ukashawishika kuzimwaga moja kwa moja juu ya kamba yako, jizuie. Paka msingi kwanza.

Nani anaitwa msanii

Kyondo kilichosukwa Makueni kikiuzwa kando ya barabara kinaitwa kazi ya mikono. Kamba hiyo hiyo ikishonwa kwenye kanvasi inaitwa sanaa, na bei inapaa. Sisemi hilo ni kosa la Nyamai. Anachofanya na kamba ni kitu kingine, na ameifanya dunia iiangalie. Ila mimi ningependa siku moja lebo ya ukutani, pale wanapoandika "akriliki, kamba, kanvasi", iseme pia kamba imetoka wapi na imesokotwa na nani.

Tena hatuna kinga dhidi ya kumaliza malighafi. Uchongaji wa Wakamba tunaoujua, ule wa Wamunyu, Machakos, ulianzishwa na Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulikua hadi ukalisha maelfu ya familia, na ukala miti ya muhugu na mpingo hadi ikawa adimu. Wachongaji wengi wakalazimika kujifunza upya kwa mwarobaini na mwembe, miti yenye tabia tofauti, inayopasuka tofauti ikikauka. Waliojua mti mmoja tu walipata shida. Waliojua jinsi ya kuusoma mti wowote waliendelea.

Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Mdogo wako anapoingia gredi ya 10 anaambiwa achague njia: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Akichukua sanaa, si lazima asome kemia. Akichukua kemia, kuchora ni mambo ya wikendi. Wakati huo huo Chuo Kikuu cha SEKU kiko pale Kwa Vonza, Kitui, kinafundisha kemia, na kimezungukwa na vijiji vyenye akina mama wanaojua nyuzi kuliko kitabu chochote. Anayetaka kutengeneza mchoro wenye makonge utakaodumu anahitaji kukaa na hao wote wawili, na ratiba ya shule inamwambia achague mmoja.

Usingoje ratiba ibadilike. Kuna jaribio unaloweza kuanza likizo ijayo ukienda ushago, na halitakugharimu pesa nyingi.

Mwombe susu yako au mama jirani akufundishe kusokota kamba ya urefu wa mkono wako. Hiyo peke yake itakuchukua siku mbili za aibu. Ikate vipande sita. Kimoja kiache kama kilivyo. Cha pili kipake rangi ya gome uliyochemsha, cha tatu gome na msumari wenye kutu, cha nne makaa yaliyochanganywa na akriliki. Cha tano kipake rangi ya ukuta ya bei rahisi, ile ambayo ukipitisha kiganja ukutani unabaki na unga mweupe mkononi kwa sababu chokaa ni nyingi na gundi ni kidogo. Cha sita kipake akriliki ya dukani. Vishone vyote kwenye kitambaa kimoja cha pamba, kisha funika nusu ya kila kipande kwa karatasi ya foili, ikaze vizuri isipeperuke.

Panda juu ya mabati, ukifunge hapo mwezi wa Septemba. Kiache kipigwe na jua la Oktoba na mvua ya Novemba. Krismasi ukirudi, toa foili, linganisha nusu iliyofichwa na iliyochomwa na jua. Vuta kila kipande kwa mikono miwili uone kipi kinakatika kwanza. Andika matokeo nyuma ya kitambaa kwa penseli, maana wino wa kalamu unaweza kupauka, na uweke tarehe na jina la aliyekufundisha kusokota.